Pigo la Pili na Gharama Yake
Katika Dungeons & Dragons ya mwaka 2000, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huvaa nafsi ya shujaa na hatima yake kuamuliwa kwa dado la pande 20, askari mwenye upanga mmoja kwa kawaida hakupata pigo la pili ila baada ya kufika daraja ya 6, na hata hapo, akithubutu kusogea zaidi ya futi 5, hakuwa na budi kuridhika na pigo moja; ndipo vita vikafanana, wallahi, na ugomvi wa watu waliopigiliwa misumari ardhini. Toleo la pili la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo, la mwaka 2019, lilimpa kila shujaa, hata wa daraja ya kwanza, vitendo vitatu kwa zamu, naye ni mukhtari kutembea, kuinua ngao au kupiga.

Lakini pigo la pili hupunguziwa 5 katika hesabu ya dado, na la tatu 10. Silaha nyepesi kama kisu hupunguziwa 4 na 8. Na kwa kuwa kuipita kinga ya adui kwa 10 huzidisha madhara maradufu, fursa hiyo nayo hufifia. Kwa rai yangu, pigo la tatu aghalabu ni israfu, heri ngao.