Mto Hupimwa Kabla ya Kesi

Maji ya bomba ya Kwa Mathias, kando ya Barabara ya Morogoro mjini Kibaha, hutoka Mto Ruvu kupitia mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi. Mtambo huo umejengwa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Mwenzake wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, lita milioni 270. Sehemu kubwa ya maji hayo huishia Dar es Salaam, na Kisarawe nayo sasa inakunywa Ruvu. Mwishoni mwa 2022 ukame ulipoubana mto, uzalishaji ulishuka hadi karibu lita milioni 300 kwa siku na jiji likaingia kwenye mgao. Jambo hilo halikuhitaji mtaalamu kulieleza, maana mto ukipungua kina kila apitaye darajani anaona. Mto unaochafuka polepole hauonekani. Ndiyo sababu Ruvu unapaswa kupimwa sasa, mfululizo na hadharani, wakati hakuna anayegombana na mtu kuhusu maji yake. Kipimo kinachochukuliwa baada ya ugomvi kuzuka hakina mwamuzi.

Tazama mto wenyewe unapotoka. Unaanzia milima ya Uluguru, na kabla ya kufika Mlandizi unapokea Mto Ngerengere, ambao umekatiza Morogoro mjini penye viwanda, gereji, mashamba na makazi. Kibaha nako mambo yanaenda kasi: viwanda vya chuma Mlandizi, eneo la Zegereni, na Kwala, ambako bandari kavu na eneo kubwa la viwanda vimekaa jirani na reli ya kisasa. Wanaopima ni wengi. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu inaangalia mto, wasimamizi wa mazingira wa NEMC wanakagua viwanda, na mamlaka ya maji ya DAWASA inapima maji yanayoingia na kutoka kwenye mitambo yake. Kila mmoja ana daftari lake, na mkazi wa Kwa Mathias akitaka kujua mto ulikuwaje mwezi uliopita ukilinganishwa na mwezi kama huo mwaka jana, hajui aanzie mlango gani.

Tena upimaji una mambo yake. Kipimo kinachotumika sana kwa majitaka ni kile cha kujua vijidudu vinahitaji oksijeni kiasi gani ili kuozesha uchafu uliomo. Sampuli hutiwa kwenye chupa iliyofungwa isiingie hewa, ikawekwa gizani kwenye nyuzijoto 20 kwa siku 5, kisha huangaliwa oksijeni iliyoliwa. Kwa viwango vya Tanzania, maji ya kiwandani hayaruhusiwi kumwagwa yakizidi miligramu 30 kwa lita. Jibu likitoka, maji yenyewe yalishapita Mlandizi siku nyingi. Kwa hiyo ukaguzi wa mara moja kwa mwaka, tena uliotangulizwa na barua, unakamata kidogo sana; hata kiwanda kichafu kina siku zake safi. Kinachofaa ni kuunganisha vipimo vya maabara na vile vya papo hapo, yaani oksijeni, uchachu, tope na chumvichumvi, vinavyosomwa na kifaa kilichozamishwa mtoni saa zote. Kifaa hicho hakitataja sumu kwa jina. Kitaonyesha kwamba usiku fulani kuna kitu kilibadilika, na hapo ndipo mchukua sampuli anajua aende lini na wapi.

Mfano wa kukosa vipimo vya mfululizo ni Mto Mara: Machi 2022 uligeuka mweusi, ukanuka, samaki wakafa. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikasema chanzo kikubwa ni kinyesi na mkojo wa mifugo, na nchi nzima ikacheka. Watu walikuwa na sababu za kushuku, kwa kuwa bonde lile lina mgodi mkubwa wa dhahabu na kumbukumbu ya malalamiko ya 2009 kuhusu kuchafuliwa kwa Mto Tigithe. Lakini maelezo ya kamati hayakuwa ya ajabu kisayansi. Utafiti uliochapishwa 2018 ulishaonyesha kwamba upande wa Kenya wa mto huohuo kinyesi cha viboko, kikisombwa ghafla na mafuriko, humaliza oksijeni na kuua samaki. Wataalamu walikosa jambo jingine: mfululizo wa vipimo vya miaka iliyotangulia, ambavyo umma ulikuwa umezoea kuviona. Bila hivyo ripoti iliyo sahihi na ripoti iliyopikwa hufanana machoni pa msomaji, na kila mtu huamini aliyokuja nayo.

Wapo watakaosema upimaji wa namna hii una gharama ambazo halmashauri haziwezi kuzimudu. Waangalie Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi pale kati ya 2007 na 2014, na madini ya risasi yakaingia katika damu za wakazi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, mamlaka za serikali zikibebeshwa sehemu yake. Uamuzi ukapinduliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Vifaa vya kupimia vumbi na udongo vingegharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo, achilia mbali damu za watoto.

Hoja ya kwamba vipimo vya wazi vitawafukuza wawekezaji ina uzito zaidi, kwa sababu ajira za Kibaha si za kubeza. Hata hivyo mwenye kiwanda aliyejenga mtambo wa kusafisha majitaka anashindana sokoni na mwenzake anayefungulia bomba usiku. Takwimu za siri humlinda huyo wa pili. Na kuhusu madai kwamba wananchi watasoma namba vibaya na kuzua taharuki, taharuki ya Mara ilizuka pasipo namba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeshampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira; kilichobaki ni kuzifikisha kwenye ubao wa serikali ya mtaa kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Hewa nayo, kama maji, ina fumbo lake, na hapa Kwa Mathias linaonekana wazi. Malori ya mizigo ya Barabara ya Morogoro hupita na moshi wake usiku na mchana, na upepo ukigeuka unaleta vumbi la viwandani. Ukipima mahali pamoja tu huwezi kusema uchafu upi ni wa nani. Ukiweka kipima vumbi kimoja barabarani, kingine ndani ya makazi mbali na lami, na cha tatu karibu na matanuri ya chuma, pamoja na kifaa cha mwelekeo wa upepo, tofauti inaanza kujitenga. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitengeneza vifaa vya namna hiyo Kampala tangu 2015. Ni kweli vifaa vya bei nafuu hupotoka, hasa kwenye unyevu wa pwani, hivyo lazima virekebishwe mara kwa mara kwa kulinganishwa na mashine ya uhakika. Vikikaa hapo mwaka mzima kabla ya viwanda vya Kwala kujaa, siku kiwanda kitakaposema moshi ni wa malori, kutakuwa na mahali pa kuangalia.