WANAFUNZI WA UUGUZI MARA: ECG SIO MCHORO WA KUKARIRI

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Kuna wadogo zetu wanaosoma uuguzi, wakishika karatasi ya ECG wanaona mistari tu. Wengi wanakariri picha ili wafaulu mtihani. Tatizo mgonjwa wa wodini hafanani na picha ya kitabuni.

Nina sababu ya kusema hivi. Nikiwa mwanafunzi, alfajiri moja niliona mstari kwenye skrini umenyooka kama rula. Nikatoka mbio kuita watu. Tulipofika kitandani bibi kakaa anakunywa uji, ananiuliza, "Mjukuu wangu, mbona unahema hivyo?" Kumbe waya ulikuwa umechomoka kifuani. Tulicheka, lakini somo lilibaki: TAZAMA MGONJWA KWANZA, karatasi baadaye.

Umeme wa moyo unasafirije? Chukulia barabara yetu. Unaanzia chumba cha juu kulia, tuseme ndiyo Musoma. Unashuka hadi Makutano, unasimama kidogo, halafu unagawanyika: mwingine Butiama, mwingine Bunda. Vyumba vya juu vikishtuka tunapata wimbi P. Kule kusubiri Makutano ndiyo ule mstari mfupi baada ya P. Umeme ukiingia vyumba viwili vya chini tunapata QRS, ile ncha ndefu. Wimbi T ni vyumba vya chini kujirudisha, tayari kwa safari nyingine. Herufi hizi tumerithi kwa Mholanzi Willem Einthoven, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Sasa jiulize maswali matano, kwa mpangilio huu huu:

1. Moyo unapiga mara ngapi? Kwanza hakikisha karatasi imekwenda 25 mm kwa sekunde. Kiboksi kidogo ni sekunde 0.04, kikubwa ni 0.2. Hesabu viboksi vikubwa kati ya QRS moja na inayofuata, kisha gawanya 300 kwa idadi hiyo. Vikiwa 4, jibu ni 75. Mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100.

2. Mapigo yanalingana? Weka alama za QRS mbili kwenye kipande cha karatasi, kisogeze mbele uone. Kama hayalingani, ile hesabu ya 300 itakudanganya. Hesabu QRS zilizomo ndani ya viboksi vikubwa 30, yaani sekunde 6, zidisha kwa 10.

3. Kila QRS ina P mbele yake?

4. Toka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS ni viboksi vidogo 3 hadi 5? Vikizidi, Makutano kuna foleni. P na QRS zikienda kila moja kivyake, barabara imefungwa kabisa. Mgonjwa huyo anaweza kuzimia wakati wowote.

5. QRS ni nyembamba, chini ya viboksi vidogo 3? Ikiwa pana, zimefuatana na zinakwenda mbio, ichukulie ni takikadia ya ventrikali mpaka ithibitike vinginevyo. Ita msaada.

Kuna moja ya kuangalia sana: fibrilesheni ya atria. P hamna, QRS zinakuja ovyo ovyo kama matone ya mvua juu ya bati. Usidhani ni ya wazee tu. Huku Afrika Mashariki vijana nao wanaipata, na sababu mojawapo kubwa ni valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo huanza na koo la utotoni lisilotibiwa. Damu inatuama chumba cha juu, inaganda, donge linapanda kwenye ubongo. Kiharusi! Kwa hiyo ukimkuta binti wa miaka 22 ana mapigo ya namna hii, usiishie kuandika kwenye faili. Mwambie daktari siku hiyo hiyo. Anaweza kuhitaji dawa ya kuzuia damu kuganda na rufaa, iwe Bugando kule Mwanza au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar.

Je, ukiona vurugu tupu, hakuna P wala QRS, na mgonjwa haitiki wala hapumui kawaida? Hiyo ni fibrilesheni ya ventrikali. Bonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, mashine ya kushtua moyo iletwe haraka. Mstari ukiwa umenyooka kweli, na waya zote ziko sawa, hiyo ni asistoli. Hapo hatushtui kwa umeme, ni kubonyeza kifua na adrenalini.

La mwisho jamani: mistari inaweza kuwa mizuri kabisa na mshipa wa shingo uko kimya. Huyo naye moyo umesimama, anza kubonyeza. Mkono wako shingoni kwa mgonjwa unajua kitu ambacho skrini haikijui.

Wadau mlioko wodini, ongezeni mnachojua hapa chini. Wanafunzi nanyi ulizeni, kuuliza si ujinga. Tupo pamoja.