Mkushi Aliyekwenda kwa Mfalme

Ninyi mkaao Kwale mjini mwapita karibu na gereza kila siku. Ndugu zetu wa Diani na Msambweni hawalikumbuki mpaka siku mtoto wao anapopelekwa huko. Ndipo mama hupanda matatu hadi Kombani, akapanda tena mlima, mkononi ana sabuni. Huonana na mwanawe dakika chache, askari amesimama papo hapo. Je, kijana huyo ataweza kusema kwamba amepigwa?

Katika Yeremia sura ya 38 twasoma jinsi wakuu wa Yerusalemu walivyomshusha nabii kwa kamba katika shimo la matope, wakamwacha humo. Aliyemwokoa ni Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi katika jumba la mfalme. Hakupigana na mtu. Alimwendea mfalme, aliyekuwa ameketi langoni, akamwambia wazi kwamba wakuu wale wametenda vibaya na mtu yule atakufa kwa njaa. Akapewa watu 30. Kisha akatafuta matambara makuukuu, Yeremia ayaweke kwapani kamba isimwumize. Nayapenda sana matambara hayo.

Wale waliomtia shimoni wasingekwenda kujishtaki wenyewe. Alihitajika mtu asiye wa kundi lao.

Sheria ya Kenya yalijua jambo hilo. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, inaweka mahakimu wa kuzuru magereza. Hao waweza kuingia, kukagua vyumba na chakula, na kusikiliza malalamiko ya wafungwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 51, yasema aliyefungwa hubaki na haki zake, ila zile zisizopatana na kufungwa kwenyewe. Mwaka huo huo wafungwa wa Shimo la Tewa, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria, walipewa na mahakama ruhusa ya kupiga kura ya maoni. Wengi wetu tulidhani haki hiyo huachwa mlangoni pamoja na viatu!

Seli za polisi zina mkaguzi wake, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Gereza ni idara nyingine. Huko huzuru mahakimu, na pia Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Uko pia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2002 unaotaka kila nchi iwe na kundi huru la kukagua mahali popote watu wanapozuiliwa. Hadi 2024 Kenya ilikuwa haijajiunga nao.

Mgeni asipoingia, hubaki neno la mwenye ufunguo peke yake. Septemba 2000, katika gereza la King'ong'o, Nyeri, walikufa wafungwa 6 waliohukumiwa kifo. Ilisemwa walianguka wakitoroka. Maiti zilipochunguzwa, zilionyesha kwamba walipigwa.

Basi tukienda gerezani na kwaya yetu na sabuni, ni vema. Lakini nyimbo zikiisha, tumwulize mkuu wa gereza kwa heshima: hakimu alizuru lini mara ya mwisho? Swali hilo si la ugomvi. Askari magereza naye ana shida zake, na afanyaye kazi yake vizuri hana haja ya kumwogopa mgeni. Pengine ripoti ya mgeni ndiyo itakayoleta magodoro aliyoyaomba miaka mingi.

Na mfungwa akikunong'oneza neno, usilitangaze kanisani kwa jina lake. Wewe utarudi nyumbani, naye atabaki mle ndani. Liandike pamoja na tarehe, ukalipeleke kwa hakimu hapo Kwale, au kwa Tume katika ofisi yake ya Mombasa. Ukiisha kulipeleka, rudi tena gerezani ukamtazame.