Shotistopu wa Kununua au wa Kulea: Piga Hesabu Kabla Klabu Haijasaini

Kila Novemba, fainali za World Series zikishakwisha, mashabiki wa besiboli Marekani hugawanyika. Wapo wanaotaka klabu yao ifungue mkoba na kumleta nyota aliyemaliza mkataba kwingine. Wapo wanaosema vijana waliolelewa ndani wapewe nafasi. Klabu za New York na Los Angeles zina uwezo wa kufanya yote mawili. Kama wewe ni wa Cleveland, Milwaukee, Kansas City au Pittsburgh, fungu ni moja tu, na kambi za mazoezi hufunguliwa Februari.

Ubishi huwa mkali zaidi kuhusu wachezaji wa besi: wa besi ya kwanza, ya pili na ya tatu, pamoja na shotistopu anayesimama kati ya hizi mbili za mwisho. Shotistopu mzuri ni adimu, ndiyo maana bei yake hupanda kuliko thamani yake.

Tuanze na bei inayotangazwa. Mchezaji huru ni yule aliyetimiza miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu na hana mkataba. Tofauti na soka, klabu yake ya zamani hailipwi ada ya uhamisho. Fedha yote ni ya mchezaji, na mikataba hii mikubwa hudhaminiwa: aumie, ashuke kiwango, atalipwa.

Texas ilimpa Corey Seager dola milioni 325 kwa miaka 10 mwaka 2021. Mwaka uliofuata Philadelphia ikampa Trea Turner milioni 300 kwa miaka 11, na San Diego ikampa Xander Bogaerts milioni 280 kwa miaka 11. Daraja la pili ni Javier Báez wa Detroit na Trevor Story wa Boston, kila mmoja milioni 140 kwa miaka 6.

Kijana aliyepanda kutoka ligi ndogo hulipwa kima cha chini, dola 780,000 kwa msimu wa 2026. Kwa kawaida hubaki karibu na kiwango hicho kwa miaka 3, kisha mshahara wake huanza kupanda kwa njia ya usuluhishi hadi atimize miaka 6. Mshahara wa Seager wa mwaka mmoja, kwa wastani, unawalipa wachezaji 41 wa kima cha chini.

Pengo hilo ni kubwa, lakini usiamue kwa hilo peke yake. Kila upande una gharama ambazo hazisemwi siku ya kusaini.

Ya kwanza ni umri. Miaka 6 ya utumishi humfikisha mchezaji sokoni akikaribia 30, na miguu ya shotistopu haingoji. Bogaerts alisaini akiwa na miaka 30, na mkataba wake unaisha 2033, mwaka atakaotimiza 41. San Diego ilinunua miaka michache ya ubora, ikalipia na mingine mingi iliyofungwa pamoja nayo.

Ya pili ni kodi ya anasa. Klabu ikivuka kikomo cha mishahara, ambacho kwa 2026 ni dola milioni 244, hulipa asilimia 20 ya kilichozidi. Ikirudia mwaka wa pili ni asilimia 30, wa tatu mfululizo 50, na zipo tozo za juu zaidi kwa wanaozidi sana. Kinachohesabiwa ni wastani wa mkataba kwa mwaka, kwa hiyo kumlipa mchezaji kidogo mwanzoni na kingi mwishoni hakukwepeshi kodi.

Ya tatu mashabiki wengi huisahau: nafasi za drafti. Mchezaji akikataa ofa maalumu ya mwaka mmoja kutoka klabu yake, ambayo baada ya msimu wa 2025 ilikuwa dola milioni 22.025, klabu itakayomchukua hupoteza nafasi ya kuchagua kijana, na iliyolipa kodi ya anasa hupoteza mbili. Kwa hiyo unapomnunua mkubwa unaweza kuwa umemuuza mdogo ambaye hujamjua bado. Ofa hiyo hutolewa mara moja tu katika maisha ya mchezaji, na aliyehamishwa katikati ya msimu hawezi kupewa. Kwa mwenye fedha kidogo, hao wasio na ofa ndio wa kutazamwa kwanza.

Ya nne ni malipo ya baadaye. New York Mets humlipa Bobby Bonilla zaidi ya dola milioni 1.19 kila tarehe 1 Julai, kuanzia 2011 hadi 2035, kwa sababu mwaka 2000 waliahirisha deni la milioni 5.9 kwa riba. Ukisikia klabu imepata nafuu kwa kuahirisha, uliza nani atalipa na lini.

Afya nayo ichunguzwe bila haya. Kumchukua mchezaji wa miaka 29 ni sawa na kununua gari la mtumba: rangi haisemi limetembea kilomita ngapi. Carlos Correa alikubaliana na San Francisco kwa milioni 350, madaktari wakatilia shaka kifundo cha mguu. Akaenda Mets kwa milioni 315, hali ikawa ileile. Januari 2023 akaishia Minnesota kwa milioni 200. Hata bei hiyo haikuwa ya mwisho. Julai 2025 Minnesota ilimrudisha Houston, klabu yake ya zamani, ikiambatanisha takriban milioni 33 za kusaidia kumlipa. Anthony Rendon alipewa milioni 245 na klabu ya Angels mwishoni mwa 2019 acheze besi ya tatu. Hakufikisha mechi 60 katika msimu wowote huko.

Sasa upande wa vijana, ambao mashabiki huuita wa bure. Si wa bure hata kidogo.

Jackson Holliday alikuwa chaguo la kwanza la drafti ya 2022 na Baltimore ilimlipa zaidi ya dola milioni 8 kusaini tu. Alipopandishwa Aprili 2024 alipata mapigo 2 katika majaribio 34, akarudishwa chini. Alirejea baadaye, lakini majaribio aliyopoteza huko njiani nayo ni malipo. Kijana wa besi ya pili anajifunza mbele ya watu waliokata tiketi, na mwenye kutaka kumlea sharti akubali kufungwa. Zaidi ya hayo, akishaingizwa katika orodha ya wachezaji 40, klabu kwa kawaida ina misimu 3 tu ya kumpandisha na kumshusha ligi ndogo. Baada ya hapo uvumilivu unageuka hatari ya kumpoteza.

Lakini mavuno yakija, soko halina kitu cha kulinganisha. Jose Altuve alisaini na Houston kwa dola 15,000. José Ramírez alisaini na Cleveland kwa 50,000, na Elly De La Cruz na Cincinnati kwa 65,000. Gunnar Henderson, chaguo la 42 mwaka 2019, alikuwa mchezaji bora chipukizi wa American League 2023, na kanuni mpya ikaipa Baltimore nafasi ya ziada ya drafti kwa kumchezesha tangu mwanzo.

Lipo chaguo la katikati, na ndilo ninaloliamini zaidi kwa klabu isiyo na fedha: kumwongezea kijana mkataba mrefu kabla hajafika sokoni. Atlanta ilimfunga Ozzie Albies mwaka 2019 kwa milioni 35 za miaka 7. Kansas City, mojawapo ya klabu ndogo kifedha, ilimpa Bobby Witt Jr. milioni 288.7 kwa miaka 11 Februari 2024, akiwa na miaka 23. Ni fedha nyingi, ila inalipia miaka yake bora, si ya uzeeni.

Sharti moja: asubiriwe athibitishe. Philadelphia ilimpa Scott Kingery milioni 24 mwaka 2018 kabla hajacheza mechi hata moja ya ligi kuu, na hakuwahi kuzistahili. Boston ilimpa Kristian Campbell milioni 60 za miaka 8 Aprili 2025. Juni alikuwa amerudishwa ligi ndogo. Sehemu ya akiba hupotea kwa kungoja msimu mmoja, lakini hasara nzima huepukwa.

Boston hiyohiyo inaonyesha gharama ambayo haimo katika karatasi yoyote. Februari 2025 ilimchukua Alex Bregman kwa milioni 120 za miaka 3, mwenye haki ya kujitoa kila mwaka. Yeye ni wa besi ya tatu, na besi hiyo ilikuwa ya Rafael Devers, mwenye mkataba wa milioni 313.5. Devers akaondolewa kwenye besi, akakataa baadaye kwenda besi ya kwanza, na Juni akapelekwa San Francisco. Bregman aliumia Mei na nafasi yake ikachukuliwa na kijana Marcelo Mayer, ambaye naye aliumia kifundo cha mkono. Timu ilifika hatua ya mtoano, kisha Bregman akajitoa. Haki ya kujitoa ni ya mchezaji: akifanya vizuri anaondoka, akiharibu anabaki kwako.

Je, kununua hakufai kabisa? Kunafaa pale ambapo vijana wako tayari na pengo linajulikana. Texas iliwanunua Seager na Marcus Semien pamoja, ikapoteza mechi 94 mwaka 2022, kisha ikatwaa ubingwa 2023 ikiwa na Josh Jung wa kulea kwenye besi ya tatu. Novemba 2025 ilimtoa Semien akiwa na miaka 3 iliyobaki. Ubingwa ulipatikana, nami siwezi kusema bei ilikuwa mbaya. Ila Texas ilikuwa na uwezo wa kubeba mwaka wa hasara.

Kwa klabu yenye fungu dogo, ushauri wangu ni huu. Besi ya pili na shotistopu wape vijana. Mmoja akithibitisha, mfunge mapema. Besi ya kwanza au ya tatu, kama iko wazi, nunua mkongwe wa mwaka 1 au 2 asiyegharimu nafasi ya drafti. Usisaini chochote cha miaka 10 sasa, kwani makubaliano kati ya klabu na chama cha wachezaji yanaisha 1 Desemba 2026, na kikomo cha kodi kinaweza kubadilika.

Ukikosa mkongwe wa bei hiyo kufikia Februari, anza na kijana na ubaki na fedha. Mwishoni mwa Julai, kabla soko la kubadilishana wachezaji halijafungwa, mwenye mkataba unaoisha mwaka huo atakuwa amebakiza takriban theluthi moja ya mshahara wake. Klabu inayomuuza itaomba vijana. Mpe yeyote, isipokuwa shotistopu wako.