Pima mzigo wa masomo kabla ya kujitwika

Treni ya SGR inayosimama vituo vya njiani, ikitoka Voi kwenda Mombasa, husimama Miasenyi. Ukichungulia dirishani unaona vichaka vya nyika, mifugo na malori kwenye barabara kuu. Kwa msafiri ni kituo cha dakika chache tu. Kwa kijana wa Gredi ya 10 anayeishi hapo, swali linalomnyima usingizi ni lile lile linalokusumbua wewe wa Nyali, Umoja au Kondele: nibebe masomo magumu kiasi gani?

Hebu tuanze na hesabu yenyewe.

Sekondari pevu huna la kuamua kuhusu idadi. Masomo ni saba. Manne ni ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Huduma kwa Jamii. Matatu yanategemea mkondo wako: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Kwa hivyo uzito wote uko kwa hayo matatu, pamoja na aina ya Hisabati. Wa STEM hufanya Hisabati kamili. Wa mikondo mingine hufanya ile nyepesi. Lakini usikimbilie nyepesi kwa sababu tu unaogopa aljebra. Kama ndoto yako ni uhandisi, unajifungia mlango ukiwa bado mbali nao.

Waliobaki 8-4-4, ambao kundi lao la mwisho linatarajiwa kufanya KCSE 2027, wana swali jingine: saba au nane? Tangu mtihani wa 2023, gredi ya wastani hutokana na Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Upeo ni pointi 84. Ukifanya nane, moja halihesabiwi. Somo la nane basi ni kama gurudumu la akiba: linakuokoa ukipata pancha. Ila gurudumu la akiba nalo lina uzito. Kama linakula saa ambazo zingetoa Kemia yako kwa D+ hadi C+, umepoteza pointi tatu. Kwa anayesukumana kufikia C+ ya kuingia chuo kikuu, pointi tatu si mchezo.

Saa zako ni ngapi?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Beshte yako anabeba Fizikia, Kemia na Biolojia anacheka tu. Sawa. Lakini yeye ana saa ngapi, na wewe una ngapi?

Fikiria mwanafunzi wa kutwa huko Miasenyi. Eneo hilo liko jirani na mbuga za Tsavo, na ndovu hutoka mbugani wakaingia vijijini. Kutembea alfajiri au usiku ni kucheza na maisha. Prepu za giza ambazo mwenzake wa bweni anapata, yeye hana. Akifika nyumbani, pengine kuna maji ya kuteka na mbuzi wa kufungia. Masomo ni yale yale saba, lakini mzigo si mmoja.

Wewe wa mjini una ndovu wako: foleni ya matatu, chumba kimoja mnachoishi watu watano, redio ya jirani, na simu yako. Chukua karatasi. Andika saa za kweli ulizo nazo baada ya shule, si zile unazotamani. Gawia kila somo gumu saa zake. Saa zikiisha kabla ya masomo kuisha, jibu umelipata.

Nani atakufundisha?

Kila sekondari pevu inatakiwa kutoa STEM. Lakini kutangaza somo ni jambo moja, kuwa na maabara na mwalimu ni jingine. Ulizia walio mbele yako: jaribio la mwisho la Kemia lilifanywa lini? Mwalimu wa Fizikia yupo, au anangojewa? Somo gumu lenye mwalimu mzuri linaweza kuwa jepesi kuliko somo rahisi la kujisomea peke yako.

Pia kumbuka STEM si sayansi tatu pekee. Kuna Kilimo, Kompyuta, Sayansi Kimu, Umeme, Useremala na mengineyo. Na Sayansi za Jamii si jalala la walioshindwa. Pale Tsavo, anayewatembeza wageni anahitaji lugha na Jiografia.

Unaelekea wapi?

Mzigo mzito una maana ukikufikisha unakotaka. Taita Taveta ina mawe ya thamani, likiwemo tsavorite lililopewa jina la Tsavo, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta hufundisha uhandisi wa madini. Kijana anayeitaka kozi hiyo hawezi kukwepa Hisabati na Fizikia hata kama zinamtoa jasho. Hapo jasho lina kazi.

Kinyume chake pia ni kweli. Kwa wa KCSE, KUCCPS huangalia masomo manne yanayohusu kozi unayoomba. A ya somo lisilo kwenye orodha hiyo haitakubeba. Kwa hivyo kukusanya masomo rahisi ili gredi ipendeze nako ni mtego.

Na wazazi je? Kama baba anataka daktari na wewe Biolojia inakushinda, usinune wala kumjibu kwa ukali. Mwambie, "Baba, naomba tukae kidogo tuangalie hii karatasi." Mwonyeshe saa zako, alama zako na masomo ambayo kozi inadai. Mzazi anaweza kukataa maneno yako, lakini hesabu iliyoandikwa ni vigumu kuipuuza.

Ukishachagua, jipe muhula mmoja. Somo likikupa shida lakini unaona unapanda, vumilia. Ukiona unashuka kila wiki na masomo mengine yanashuka nalo, nenda kwa mwalimu wa ushauri mapema, kabla usajili wa mtihani haujafungwa. Kupunguza mzigo ungali njiani si aibu. Aibu ni kuubeba ili uonekane, kisha ukauangusha mlangoni.