Kibodi Inayobeba Sheria Zake Tumboni

Karani ashindaye kutwa nzima mbele ya kompyuta huzijua taabu zake kabla ya tabibu kumwambia: mabega yaliyokazana, viganja vilivyopinda kuelekea nje, na kidole cha mwisho, kilicho dhaifu kuliko ndugu zake wote, kikitwikwa kazi ambayo haikupimwa kwa nguvu zake. Mpangilio wa herufi tunaoutumia hata leo asili yake ni taipureta ya Christopher Latham Sholes na wenzake wa Marekani, iliyotolewa sokoni na kiwanda cha Remington mwaka 1874. Na tangu wakati huo mikono ndiyo iliyolazimishwa kuufuata mtambo, si mtambo kuifuata mikono.

Walikuwapo waliolipinga jambo hilo. August Dvorak, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alipewa hataza mwaka 1936 kwa mpangilio unaoziweka herufi zitumikazo sana katika safu ya kati, vidole vinapotulia. Katika miaka ya 1970 Lillian Malt wa Uingereza, aliyekuwa akifundisha watu kupiga taipu, alishirikiana na Stephen Hobday kubuni kibodi iliyogawanyika pande mbili, kila upande umebonyea mfano wa bakuli ili vidole virefu na vifupi vifike kwa usawa, na vidole gumba vikapewa kazi halisi badala ya kugawana kitufe kimoja cha nafasi. Kampuni ya Kinesis, iliyo jirani na Seattle, ikaanza kuuza kibodi ya umbo hilo mwaka 1992. Na ile iliyoitwa Advantage2, ya mwaka 2016, ndiyo nitakayoizungumzia hapa, kwa kuwa ndani yake umo uhuru ambao umbo peke yake halikuweza kuutoa.

Ili kuufahamu uhuru huo yapasa kwanza kujua kwamba kibodi haipeleki herufi. Chini ya vitufe pana nyaya zilizopangwa kwa safu na kwa mistari, na kompyuta ndogo sana iliyomo ndani huzikagua mara nyingi kwa sekunde moja ili ijue ni wapi safu na mstari vimegusana. Ikishapata mahali hapo huangalia katika jedwali lake, ikatoa nambari, na nambari hiyo ndiyo ipitayo katika waya wa USB. Kitufe cha A nambari yake ni 4, cha B ni 5, hivyo hivyo hadi Z iliyo 29. Kuigeuza nambari kuwa herufi ni kazi ya kompyuta kubwa, na ndiyo maana kibodi iliyochorwa kwa mtindo wa Kiingereza, ikichomekwa katika kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi huko Kongo, itaandika Q pale mtu alipobonyeza A.

Katika kibodi za kawaida jedwali hilo hutiwa muhuri kiwandani, na mnunuzi hana neno. Katika Advantage2 jedwali husomwa kutoka katika faili la maandishi matupu lililohifadhiwa ndani ya kibodi yenyewe. Mwenye nayo huifungulia kwanza hali ya watumiaji wazoefu, kisha hubonyeza kitufe cha programu pamoja na F1, na mara kompyuta huiona kibodi kana kwamba ni diski ndogo iliyochomekwa. Ndani yake mna faili liitwalo qwerty.txt, nalo huandikwa kwa programu yoyote ile ya maandishi, hata iliyo duni kabisa.

Lugha ya faili hilo ni nyepesi ajabu. Mstari usemao [a]>[f] huamuru kitufe cha A kitoe F, na mstari wa pili usemao [f]>[a] hukamilisha mabadilishano. Mfano huu sikuuchagua ovyo. Katika Kiswahili hakuna herufi itumikayo zaidi kuliko A, ilhali mpangilio wa Sholes umeiweka chini ya kile kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kwa mistari miwili tu huhamia chini ya kidole cha shahada, chenye nguvu na wepesi. Gharama ipo, wala haifai kufichwa: amri zitolewazo kwa kitufe cha Control pamoja na A au F nazo zitahama, na vidole vilivyozoea miaka mingi vitaasi kwa muda.

Vivyo hivyo kitufe cha kufungia herufi kubwa, ambacho wengi hukigusa kwa bahati mbaya tu, chaweza kuamriwa kitoe N, G na ritifaa kwa mbonyezo mmoja, na mwandishi wa habari za ng'ombe na ng'ambo akashukuru. Maagizo ya namna hii, yaitwayo makro, huandikwa kwa mabano ya mawimbi. Na humo alama ya kutoa mbele ya jina la kitufe maana yake ni kishikwe, na ya kujumlisha maana yake kiachiliwe, kinyume cha vile ambavyo wengi wangekisia.

Zipo programu huria, QMK na ZMK, ziwezazo mambo makubwa zaidi ya haya; walakini aghalabu faili lake halina budi kutafsiriwa kwanza katika lugha ya mtambo, kisha lipakizwe upya. Mimi kwa rai yangu nalifadhilisha faili hili la maandishi matupu, maana sheria zake husomeka kwa macho, na huandamana na kibodi katika kila kompyuta bila kusakinisha kitu.

Anayeanza na atunze nakala ya faili la asili mahali pengine, abadilishe mstari mmoja mmoja, na ule anaoutilia shaka auwekee nyota mwanzoni, nao utanyamaza bila kufutwa. Akimaliza aitoe ile diski kwa utaratibu, asichomoe waya kwa pupa. Na neno lake la siri asilitie kamwe katika makro, kwa kuwa maandishi yale yako wazi kwa yeyote atakayeichomeka kibodi hiyo na kulifungua faili.