Kidari, chumvi ya Uvinza na chupa moja ya Primus

Kidari si nyama ya mtu mwenye haraka. Ni kifua cha ng'ombe, sehemu inayobeba uzito wa mnyama anaposimama na anapolala, na kwa ng'ombe aliyetembea malishoni miaka mingi nyuzi zake hukaza kama kamba ya mtumbwi. Mfanyabiashara anayefika Nyanza-Lac jioni, mzigo wake ukisubiri kuvuka Mugina asubuhi, hana muda nacho. Hula mishikaki, au mukeke wa kukaanga, samaki yuleyule ambaye Kigoma anaitwa mgebuka, akaenda kulala.

Mwenye jiko lake mwambaoni, au mwenye familia inayomsubiri Rumonge, ana sababu ya kukitazama upya. Kikilazwa siku chache kwenye maji ya chumvi, kisha kikapikwa polepole kwa bia, kidari cha kilo mbili hulainika hadi kukatika kwa kijiko, na pamoja na mboga hulisha watu wanane. Waingereza wanaiita nyama hii corned beef. Jina halihusiani na mahindi. "Corn" katika Kiingereza cha zamani ilikuwa punje ya kitu chochote, na hapa ni punje kubwa za chumvi zilizotumika kuhifadhia nyama. Mji wa Cork, Ireland, ulitajirika katika karne za 17 na 18 kwa kuuza nje mapipa ya nyama hiyo, ikaliwa na mabaharia na kwenye visiwa vya miwa vya Karibi.

Afrika Mashariki iliijua ikiwa ndani ya kopo. Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950, iliisindika Athi River. Tanganyika Packers iliisindika Kawe, Dar es Salaam, kwa ubia na kampuni ya Liebig, na makopo yakasafirishwa hadi Uingereza. Nyama ya kopo ina faida yake: haihitaji jokofu wala moto, na dereva wa lori anaweza kuila kwa mkate pembeni mwa barabara. Lakini anayedhani anaijua nyama hii kwa sababu amefungua kopo ni sawa na aliyekula dagaa wa kopo akasema ameshaonja ndagala wa Ziwa Tanganyika.

Chumvi ya jirani

Chumvi haikuwahi kuwa mbali na mwambao huu. Uvinza, mashariki ya Kigoma, karibu na mto Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakizichemsha kwa zaidi ya miaka 1,000. Kabla wakoloni hawajachora mipaka, chumvi hiyo ilisafirishwa kwa vichwa vya wapagazi na kwa mitumbwi hadi nchi zinazolizunguka ziwa, Burundi ikiwemo. Wajerumani walijenga kiwanda pale mwanzoni mwa karne ya 20. Machimbo ya siku hizi yana jina la Nyanza, nalo limefanana tu na la mji wa Nyanza-Lac, kwa kuwa nyanza ni ziwa kwa lugha nyingi za ukanda huu.

Kwa hiyo wauza chumvi wa njia ya Manyovu wanabeba bidhaa ya kale kuliko forodha zote mbili. Kwa mpishi, jambo la kuzingatia ni uzito. Kikombe cha chumvi ya mawe na kikombe cha chumvi laini havilingani hata kidogo, na mwenye kupima kwa kikombe huishia na nyama isiyolika. Chumvi yenye madini joto haiharibu chochote, itumike bila wasiwasi.

Kipimo kwa kidari cha kilo mbili ni hiki: lita mbili za maji, gramu 160 za chumvi (yaani gramu 80 kwa kila lita), gramu 60 za sukari, kijiko kimoja cha pilipili manga nzima, karafuu tano na punje sita za kitunguu saumu zilizopondwa. Vichemshwe pamoja, kisha viachwe vipoe kabisa, kwa maana maji ya vuguvugu juu ya nyama mbichi ni njia fupi ya kuiozesha. Nyama izame yote, na sahani iwekwe juu yake isielee. Chombo kiwe cha plastiki au kioo, kwa sababu chumvi huila sufuria ya alumini na ladha ya chuma huingia kwenye nyama.

Hapo ndipo penye hatari, na mapishi mengi yanayosambazwa kwenye simu hupita juu juu. Siku tano za kulaza nyama ni siku tano za jokofu, kwenye baridi isiyozidi digrii 5, nyama ikigeuzwa kila siku. Maji ya chumvi ya kiwango hiki hayaui vijidudu. Yanavipunguza mwendo tu, tena kwa msaada wa baridi. Mapipa ya zamani yalikaa bila jokofu kwa sababu yalijazwa chumvi kupita kiasi, hata nyama ikalazimika kulowekwa kwanza ndipo ilike. Ndoo ya nyama iliyoachwa jikoni kwenye tambarare ya Imbo, mahali ambapo joto la mchana hukaribia digrii 30, ni sumu inayojitengeneza, hata kama bado haijanuka.

Asiye na jokofu la kuaminika, au ambaye umeme wake hukatika usiku kucha, asijaribu. Apake gramu 15 za chumvi kwa kila kilo ya nyama, asubiri saa moja, apike siku hiyohiyo. Chumvi haitafika katikati, lakini mchuzi utaifidia, na hakuna atakayelala hospitali.

Rangi nayo huwachanganya watu. Nyama ya kopo ni ya waridi kwa sababu viwandani huongezwa naitraiti kwa kipimo kidogo sana. Ya nyumbani, isiyo na kitu hicho, huiva ikiwa ya kijivu na kahawia. Haijaharibika. Unga wa naitraiti usionunuliwa mahali panapojulikana, wenye kipimo kilichoandikwa, ni bora uachwe dukani: ukizidishwa huua.

Bia ipi?

Primus na Amstel hutengenezwa na Brarudi, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1955, Burundi ikiwa bado chini ya Ubelgiji, na ambacho leo hisa zake nyingi ni za Heineken. Wabelgiji wenyewe wana mchuzi maarufu wa ng'ombe, vitunguu na bia, hivyo kupikia bia si maajabu. Tatizo ni kwamba bia zote mbili ni za kuchachushwa kwenye baridi, nyepesi, zenye uchungu wa hopsi. Ale ya Waingereza, ambayo mapishi ya asili huitaka, huchachuka kwenye joto la kawaida na huwa na utamu wa matunda.

Ndugu wa karibu wa ale kwenye mwambao huu, ukweli usemwe, hakai kwenye kreti. Ni urwarwa, bia ya ndizi iliyochachushwa kwa unga wa mtama, au impeke, ya mtama wenyewe. Zote mbili huchachuka kwenye joto la kawaida na hazina hopsi, kwa hiyo haziachi uchungu mchuzi unapokauka. Urwarwa uwe mchanga, bado mtamu. Uliokaa siku nyingi huleta ukali kama wa siki.

Atakayetumia Primus atosheke na chupa moja ya sentilita 72. Ya pili hailainishi nyama zaidi, inaongeza uchungu tu. Zaidi ya hayo, katika miaka ya karibuni bia za Brarudi zimekuwa zikiadimika mara kwa mara, uhaba wa fedha za kigeni ukitajwa miongoni mwa sababu, na anayemimina chupa mbili sufuriani mbele ya wageni wenye kiu anatafuta ugomvi.

Kwenye moto

Kidari kitolewe kwenye maji ya chumvi, kioshwe, kilowekwe saa moja kwenye maji safi. Kiwekwe sufuriani pamoja na vitunguu maji viwili vilivyokatwa nusu, kipande cha tangawizi, pilipili manga na bia, kisha maji yaongezwe hadi kifunikwe. Chumvi isiongezwe tena. Yakichemka, povu litolewe, makaa yapunguzwe au yafunikwe kwa majivu, na sufuria ifunikwe.

Kuanzia hapo maji yatetemeke tu. Kinachoifanya nyama hii iwe ngumu ni utando unaofunga nyuzi zake, nao huyeyuka taratibu na kuwa kama ute ukikaa muda mrefu kwenye joto la digrii 85 hadi 95. Moto mkali huikamua nyama maji yake kabla utando haujayeyuka, ikawa imeiva na ngumu kwa wakati mmoja. Ziwa liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji ya Nyanza-Lac huchemka karibu na digrii 97, na Bururi, juu milimani, karibu na 94. Nyama haijali tofauti hiyo. Viazi na maharage hujali, na mpishi wa milimani aviongezee muda.

Saa tatu ndizo kipimo cha kilo mbili, wakati mwingine zaidi. Uma ukiingia na kutoka bila kuivuta nyama, imeiva. Nusu saa au dakika arobaini kabla ya hapo hutiwa viazi mviringo na karoti nzimanzima, na dakika kumi na tano za mwisho kabichi iliyokatwa vipande vinne ikiwa bado na shina lake, isije ikasambaratika. Ndizi mbichi za kupika hukaa mahali pa viazi bila shida yoyote, na pengine hupendeza zaidi kwa kuwa hunywa mchuzi. Hakuna haja ya mawese hapa, ingawa Rumonge ndiko kwao, kwani kidari kina mafuta yake ya kutosha.

Nyama ipumzike dakika kumi na tano, kisha ikatwe kwa kukatisha nyuzi, si kwa kuzifuata. Kosa la kisu hapa linaweza kupoteza kazi ya siku tano.

Kwa nyumba isiyotumia pombe

Rumonge na Nyanza-Lac zina Waislamu wengi, na ni vizuri jambo hili lisemwe wazi: bia haiishi yote kwenye moto. Kwa jedwali la idara ya kilimo ya Marekani, chakula kilichopikwa polepole kwa saa mbili na nusu bado hubaki na asilimia 5 hivi ya pombe iliyotiwa. Anayemwalika mteja wake Mwislamu asimwambie kuwa imeishia hewani. Nusu lita ya umutobe, maji ya ndizi ambayo hayajachachushwa, pamoja na ukwaju kidogo au ndimu, hutoa utamu na ukali uleule. Wapo watakaoona ni bora kuliko Primus, na si rahisi kuwabishia.

Usivuke na ndoo

Kwa mfanyabiashara kuna swali la mwisho: nyama inunuliwe upande upi? Jibu ni upande ule itakakopikwa. Nyama mbichi, hata ikiwa imelazwa kwenye chumvi, ni zao la mifugo, na kuivusha mpakani kunataka kibali na cheti cha afya kutoka kwa mamlaka za mifugo. Si urasimu mtupu. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa iliingia Burundi na serikali ikazuia mifugo kuhamishwa. Waliokuwa na ng'ombe njiani walipata hasara kubwa. Mboga mbichi nazo huulizwa cheti cha afya ya mimea.

Chumvi ni rahisi zaidi. Chini ya utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na umetoka nchi mwanachama, huvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa palepale mpakani, bila ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani na masharti ya ubora hubaki palepale, kwa hiyo orodha iangaliwe kabla ya kupakia.

Nyama iliyobaki ikatwe vipande vidogo, ikaangwe kesho yake na viazi na kitunguu. Isikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na jua likiwa kali, saa moja. Mchuzi wake una chumvi nyingi kunywewa, lakini ukipunguzwa kwa maji hupikia maharage ya siku mbili.